Siku moja maishani mwangu: mpika mashimelo wa Tabora

Saa 11 alfajiri niko jikoni, mtaa wa Ng'ambo, nasikiliza bati. Mvua bado inanyesha. Kwa kazi yangu hiyo ni habari mbaya, kwa sababu mashimelo, pipi laini kama sponji, hufyonza unyevu wa hewani na kuanza kunata kabla hata hujayafunga. Lakini oda ni ya leo: vipande 60, nyuki, maembe na treni, vya sherehe ya mtoto anayetimiza miaka sita. Vinatakiwa saa 9 alasiri.

Kwanza natayarisha trei. Najaza wanga mkavu wa mahindi, nausawazisha, kisha nagandamiza mihuri ya mninga niliyochongewa na fundi seremala, kimoja kimoja, hadi trei nzima ijae vishimo vyenye umbo la nyuki, embe na kichwa cha treni. Mkono ukitetemeka, ukuta unabomoka na nyuki anazaliwa bila bawa. Hapo nasawazisha wanga na kuanza upya.

Saa 1 asubuhi naloweka jelatini, unga wa kugandishia, kwenye maji baridi. Ni ya ng'ombe, na pakiti yenye alama ya halali siitupi mpaka oda iishe, kwa sababu nusu ya wateja wangu ni Waislamu na wana haki ya kuiona kwa macho yao. Sukari naipika na asali ya hapahapa Tabora. Asali inazuia shira isigeuke punjepunje, ila inaumuka sana, kwa hiyo sufuria lazima iwe ndefu. Maelekezo mengi yanasema shira itolewe ikifika nyuzi 115. Niliyafuata hayo mwanzoni, nikapata mashimelo magumu ya kutafuna kama mpira. Baadaye ndipo nilipoelewa kwamba hapa tuko juu, mita 1,200 hivi kutoka usawa wa bahari, na maji yanachemka kwenye nyuzi 96 tu, si 100. Siku hizi napunguza nyuzi nne hizo, natoa kwenye 111.

Saa 2 na nusu namimina shira juu ya jelatini, nawasha mashine. Inatakiwa ipige dakika 12 bila kusimama. Dakika ya nne umeme ukakatika.

Asiyefanya kazi hii atasema subiri urudi. Hapana. Jelatini haisubiri. Ikipoa inaganda ndani ya bakuli, na kilichoganda ni shira nzito tu, hakijawa mashimelo. Nikaweka bakuli juu ya sufuria ya maji ya moto, nikachukua mchapo wa mkono, ule wa kupigia mayai, nikaanza. Dakika kumi za kwanza mkono wa kulia. Ukaisha. Nikahamia kushoto, ambako sina nguvu. Nikamwita mtoto wa kaka yangu, akaja na uniforomu, akapiga mpaka akaniambia, "Shangazi, nachelewa shule." Nikamwachia aende. Bibi wa jirani akapita dirishani, akanisalimia mwangaluka, nikaitikia bila kuinua kichwa. Rangi ilikuwa inatoka kahawia ya asali kwenda krimu, polepole, na mimi nilikuwa naitazama hiyo rangi tu. Sijui ilikuwa saa ngapi uji ulipoanza kushika na kuacha mistari nyuma ya mchapo. Bega lilikuwa linawaka moto.

Ndipo nikajaza mfuko wa kupambia keki na kukamua kwenye vishimo, haraka, kabla haujakaza. Umeme ukarudi nilipokuwa nakamua nyuki wa mwisho.

Kusubiri yagande, saa nne na zaidi. Nikafua, nikapika mchana, nikafunika trei unyevu usiingie. Kisha kung'oa, kukung'uta wanga kwa brashi, kuchora macho ya nyuki na magurudumu ya treni kwa rangi ya chakula, kuzungushia sukari ya unga. Vyote 60 vilitoka vizima.

Mama mwenye oda alifika mwenyewe kwa bajaji. Akafungua boksi, akasema, "Mazuri." Akaliinua kwa mkono mmoja. Uso ukabadilika.

"Dada, mbona jepesi hivi?"

Nikamweleza ndivyo yalivyo.

"Shilingi 18,000 hizi? Mimi kwa hela hiyo nabeba pipi za dukani nashindwa kuzimaliza. Wewe umeniuzia hewa."

Alikuwa ameshalipa 9,000. Akataka salio liwe 5,000. Nilikaa kimya kidogo, kwa sababu nilichoka, na mtu aliyechoka akijibu haraka anaharibu. Kisha nikamwambia: "Mama, ni kweli, ndani mna hewa. Hiyo hewa nimeiingiza mimi leo asubuhi kwa mkono huu, umeme ulikuwa hakuna. Ukiitoa inabaki shira na jelatini, na mtoto hawezi kuitafuna." Nikamwonyesha mchapo, ulikuwa bado haujaoshwa. Nikampa kipande cha pembeni aonje.

Akatafuna taratibu. Akauliza, "Hii ni asali?" Nikamwambia ndiyo, ya Tabora. Akahesabu 7,000, akasema 2,000 atatuma kwa simu. Bajaji ikaondoka, boksi amelipakata mapajani, mikono miwili.

Jioni naosha sufuria. Shira iliyokauka haitoki kwa kusugua, inatoka kwa maji ya moto na kuiacha iloweke. Mkono wa kulia siwezi kuunyanyua kufikia rafu, kwa hiyo mihuri nimeiacha mezani, imefutwa, imekaushwa. Kesho kuna oda ya treni 40. Ile 2,000 imeingia saa 2 usiku, na chini yake ujumbe: watoto wamegombania nyuki.