Vidoa juu ya seli ya shavu

Mwaka 2018 nilikuwa nafundisha baiolojia kidato cha kwanza katika shule moja wilayani Karatu. Siku hiyo tulikuwa na jaribio la seli: mwanafunzi anasugua ndani ya shavu lake kwa kijiti safi, anapaka kwenye slaidi, anadondoshea rangi ya buluu ya methilini, anafunika kwa kioo chembamba na kuangalia. Umeme ulikuwa umekatika, lakini hadubini yetu ilikuwa ya zamani, ile yenye kioo chini, kwa hiyo tuliisogeza dirishani ikapata jua.

Wengi walichungulia, wakasema "nimeona", wakapisha wenzao. Binti mmoja mtaratibu hakupisha. Alizungusha skrubu ndogo mbele na nyuma, polepole, mpaka foleni ikaanza kunung'unika, kisha akaniita.

"Mwalimu, kuna vidoa juu ya seli yangu. Mbona kitabuni havipo? Ni rangi?"

Nikainama. Seli ilikuwa pana, ukingo wake umekunjamana kidogo, kiini kimekolea buluu. Juu yake zilitapakaa nukta ndogo mno, nyingine mbilimbili, nyingine zimeshikana kama shanga. Nikamwambia hao ni bakteria wanaoishi kinywani mwake.

Akaziba mdomo. Mvulana mmoja akacheka kwamba mwenzao hajapiga mswaki. Nikamwita naye apake ya kwake. Nukta zilikuwepo. Nikapaka yangu, zikawepo. Kicheko kikaisha, maswali yakaanza, nami nikaliweka pembeni andalio la somo.

Niliwaambia seli ile ina upana wa mikromita 50 au 60 hivi, na bakteria mmoja kama mikromita 1, yaani sehemu moja ya elfu ya milimita. Mwili wa mtu mzima unakadiriwa kuwa na bakteria wapatao trilioni 38, na seli zake mwenyewe trilioni 30. Wengi wao wako kwenye utumbo mpana.

"Sasa kwa nini tusinywe dawa wafe wote?"

Swali hilo nililisubiri kwa hamu. Watoto hawa wamekua wakiona antibayotiki zikinunuliwa bila cheti, vidonge viwili vitatu kwa ajili ya mafua, ambayo husababishwa na virusi na wala hayasikii dawa hizo. Nikawaeleza kuwa bakteria wa utumbo mpana huchachusha nyuzinyuzi za maharage, mboga na dona ambazo sisi hatuwezi kuzimeng'enya, na asidi wanazotoa hulisha seli za ukuta wa utumbo. Hutengeneza vitamini K. Tena huziba nafasi, vimelea vya maradhi vikija vinakosa pa kukaa. Antibayotiki haichagui nani afe, ndiyo maana baadhi ya watu huharisha wakiitumia. Hata maziwa ya mama yana aina za sukari ambazo mtoto hawezi kuzimeng'enya. Zinaliwa na bakteria wa tumboni mwake.

"Kumbe mama ananyonyesha na bakteria!" akasema mmoja ambaye nyumbani kwao kulikuwa na kichanga.

Nikawapa na habari ya jirani zetu wa Ziwa Eyasi. Mwaka 2014 watafiti walichapisha matokeo ya kulinganisha bakteria wa utumbo wa Wahadza 27 na wa Waitaliano 16 kutoka Bologna. Wahadza, wanaokula mizizi, ubuyu, asali na nyama ya porini, walikuwa na aina nyingi zaidi. Darasani walikuwemo watoto waliozoea kuwadharau Wahadza, na nilitaka hasa wao walisikie hilo.

Jioni nikasahihisha michoro. Karibu wote walikuwa wamenakili ule wa kitabuni: utando, saitoplazimu, kiini. Yule binti alichora seli yenye ukingo uliokunjamana, akaijaza nukta, nyingine mbilimbili, na kwenye mstari wa pembeni akaandika "bakteria". Nilimpa alama zote, na kesho yake nikaubandika mchoro huo ukutani, juu ya meza ya hadubini.