Reli ya pili isiwe ya kwanza: dakika zinakopotelea kwenye treni za abiria Nairobi

Treni ya jioni ya Ruiru ikisimama mahali pasipo na stesheni, aliyekaa dirishani hutangaza kwamba injini imezima. Mara nyingi injini ni nzima kabisa. Inangoja mwenzake apite, maana mbele kuna njia moja na treni mbili haziwezi kukutana uso kwa uso. Hapo ndipo abiria husema, na hasira yao inaeleweka, "si wajenge tu reli ya pili!" Reli ya pili ni kitu kizuri. Ila ndiyo dawa ghali kuliko zote, na ukiilaza pasipofaa utakuwa umenunua chuma cha kusimamishia treni mbili badala ya moja.

Reli ilifika Nairobi Mei 1899, yenye upana wa mita moja, ikiwa imejengwa kwa safari ndefu: treni chache kwa siku, zikipishana kwenye stesheni zilizoachana mbali. Njia hiyohiyo na matawi yake ndiyo leo inayotakiwa kuleta mjini watu wa Syokimau, Embakasi, Ruiru na Limuru kabla ya saa mbili asubuhi. Kwa hiyo swali la kwanza ni dakika zinapotelea wapi. Kilomita za reli mpya ni swali la baadaye.

Tupige hesabu. Chukua kipande cha njia moja cha kilomita 7 kati ya sehemu mbili za kupishania. Kwa mwendo wa kilomita 40 kwa saa, treni inakipita kwa dakika 10 na nusu. Weka dakika 1 na nusu za kufunga breki, kusimama na kuondoka tena. Kisha weka dakika 3 za kukabidhiana njia: treni ya huku imefika, imethibitishwa kwamba mkia wake umeingia wote, ruhusa imeandikwa au imetolewa kwa redio, dereva wa upande wa pili ameirudia kwa sauti. Jumla ni dakika 15. Treni ya kwenda na ya kurudi zinakula dakika 30, basi kwa saa unapata treni mbili kila upande. Hizo ni za kwenye karatasi. Ratiba inayotumia dakika zote huvunjika siku ya kwanza ya mvua, kwa hiyo acha karibu asilimia 30 bila kuigusa.

Sasa weka njia ya kupishania, ile mafundi wanayoiita lupu, katikati ya kipande hicho. Kilomita 3.5 ni dakika 5 na robo, ongeza 1.5 na 3, unapata 9.75, na jozi ya treni inatumia dakika 19.5. Umefika treni tatu kwa saa. Badilisha makabidhiano ya mdomo na karatasi kwa ishara za umeme, zile dakika 3 ziwe 1: jozi inashuka hadi dakika 15.5, karibu treni nne. Kisha rekebisha njia yenyewe hadi treni iweze kwenda kilomita 60 kwa saa badala ya 40: jozi ni dakika 12. Treni tano kwa saa, kutoka mbili, na bado hatujagusa reli ya pili. Ukiweka ishara pekee bila lupu, unaishia 2.3. Ndiyo maana mradi wa ishara peke yake, au lupu peke yake, huwaacha watu wakiuliza pesa zilienda wapi.

Lupu yenyewe ina mitego yake. Treni ya mabehewa 12 ya mita 20 pamoja na injini ni kama mita 260. Ukijenga lupu ya mita 280 umejifunga: siku ukitaka kuongeza mabehewa mawili, mkia utabaki umeziba njia kuu. Jenga mita 400 za kutumika, zikipimwa kutoka alama ya mpaka, yaani pale mkia ukivuka hauzibi tena njia ya jirani, hadi alama ya mpaka ya upande wa pili, si kutoka pointi hadi pointi. Pointi ni pale treni inapohama njia moja kwenda nyingine, na hapo ndipo dakika huibwa kimyakimya. Pointi ya namba 8 huachana na njia kuu mita moja kwa kila mita 8. Ya namba 12, mita moja kwa kila mita 12. Ya 12 ni ndefu, inataka nafasi na pesa zaidi, lakini treni inaingia bila kutambaa. Treni ya mita 260 ikitambaa kwa kilomita 15 kwa saa huchukua sekunde 62 kupita mahali pamoja. Ikiruhusiwa kilomita 40, ni sekunde 23. Sekunde 39 mlangoni, na lupu ina milango miwili. Anayekata gharama kwa kununua pointi fupi huilipa kila siku.

Pointi pia ndiyo inayougua kwanza. Ulimi wake, ile reli iliyochongwa ikawa nyembamba, ni lazima ulale barabara kwenye reli kuu. Kifungio hukagua nafasi iliyobaki, na ikizidi milimita chache kinakataa kutoa ishara ya kupita. Kokoto ya ukubwa wa punje ya mahindi inatosha. Mfuko wa plastiki uliojikunja unatosha. Kwenye kituo chenye soko karibu, fundi wa pointi anahitaji ufagio mara nyingi kuliko spana, na ratiba ya kufagia inafaa iandikwe rasmi kama ratiba ya kupaka grisi.

Kuhusu ishara, kuna jambo la vyuma ambalo wengi hulisahau hadi vifaa vimeshanunuliwa. Sehemu nyingi za reli yetu ya zamani zimelazwa juu ya mataruma ya chuma, vile vipande vinavyokingama chini ya reli mbili na kuzishikilia. Mfumo wa kawaida wa kujua kama treni ipo hupitisha umeme mdogo kwenye reli mbili, na magurudumu yakifika huunganisha reli hizo na kuukata umeme usifike kwenye kipokezi. Taruma la chuma nalo linaunganisha reli hizohizo, treni iwepo isiwepo. Utapata ishara nyekundu mchana kutwa kwenye njia tupu. Unaweza kutia plastiki za kuzuia umeme kwenye kila taruma na kuomba zisipasuke, ama utumie vihesabu ekseli, ekseli ikiwa ni chuma kinachounganisha gurudumu la kushoto na la kulia: kifaa kinafungwa kando ya reli mwanzo wa kipande na kingine mwisho, kinahesabu ekseli zilizoingia na zilizotoka, na hesabu zikilingana njia ni tupu. Vihesabu ndivyo vinavyofaa hapa. Udhaifu wake ni toroli za mafundi. Toroli ikiwekwa relini ndani ya kipande na kutolewa nje ya kipande, hesabu inagoma kulingana, na lazima mtu mwenye mamlaka athibitishe kwa macho kwamba njia ni tupu kabla ya kuanza sifuri upya. Utaratibu huo ukifanywa kwa haraka ili treni isichelewe, ajali imeshapata mlango. Nyaya zichimbiwe chini karibu mita moja, na panapowezekana ziwe za nuru badala ya shaba, maana shaba haikai ardhini usiku mwingi kabla ya kuhamia kwa wauza vyuma chakavu.

Halafu kuna Makadara. Treni za Ruiru na za Syokimau hutoka stesheni kuu zikitumia shina moja, kisha hapo ndipo njia ya Thika na Nanyuki inapojitenga na ile ya Mombasa. Kama kuna mahali pa kuanzia kuongeza njia, ni shina hilo la kutoka mjini, kwa kuwa kila treni unayoiongeza Embakasi au Githurai itapita hapo. Lakini hata ukiwa na njia mbili kwenye shina, penye tawi treni inayoingia na inayotoka zitakatizana, upande wowote utakaozipangia. Usipoandika ratiba ya tawi na ya shina kwa pamoja, njia zako mbili zitafanya kazi kama moja na nusu. Upande wa magharibi hali itakuwa hivyohivyo Riruta, kama treni za njia mpya ya Ngong zitaendelea hadi mjini juu ya njia ya Kikuyu na Limuru, ambayo tayari ina kazi ya kupanda kutoka kama mita 1,660 hadi zaidi ya 2,200.

Mwisho wa safari nako kunafaa kuchunguzwa. Treni ya kuvutwa na injini ikifika Ruiru, injini hukatwa, huzunguka kwa njia ya kando, hufungwa upande wa pili, breki zinapimwa. Hesabu dakika 15 ukiwa na watu makini. Treni zenye injini ndani ya mabehewa, kama zile 11 zilizonunuliwa zikiwa zimetumika kutoka Mallorca, Uhispania, zinamtaka dereva achukue begi lake atembee hadi chumba cha upande wa pili. Dakika 5. Faida ya treni hizo iko hapo kuliko kwenye viti. Na milango: watu 400 wakishukia milango 20, kila mmoja kwa sekunde moja na nusu, ni sekunde 30. Funga nusu ya milango ili tiketi zikaguliwe vizuri, ni dakika nzima. Kagua tiketi kwenye lango la stesheni, uiache milango wazi.

Ukishamaliza hayo yote na bado treni hazitoshi, sasa laza njia ya pili. Kwa kilomita moja utahitaji reli za mita 12 zipatazo 167, ambazo kwa uzito wa kilo 50 kwa mita ni tani 100. Mataruma 1,667 ukiyapanga kila sentimita 60, klipu nne za kubana reli kwa kila moja. Na kokoto kama mita za ujazo 1,300, unene wa sentimita 25 chini ya taruma. Kwa tipa ya mita za ujazo 14 hizo ni safari 93. Chagua mataruma ya zege. Hayapitishi umeme, na hakuna anayeyabeba usiku kwenda kuyauza. Kutoka katikati ya njia moja hadi katikati ya nyingine acha mita 4.5 zikipatikana, ili fundi awe na pa kusimama na maji yawe na pa kupita.

Shida kubwa haiko juu, iko chini. Upande wa Embakasi, Mukuru na kuelekea Athi River kuna ule udongo mweusi wa pamba: ukinywa maji unavimba, ukikauka unapasuka nyufa za kuingia mkono. Tuta la zamani limekaa zaidi ya karne, limeshazoea. Tuta jipya likibandikwa ubavuni mwake bila kuondoa udongo huo litashuka peke yake, na njia mpya italala upande. Chimba hadi ufikie marram, ule udongo mgumu wa changarawe, au mwamba, jaza kwa tabaka za sentimita 20 zinazoshindiliwa moja baada ya nyingine, na ubavu wa tuta la zamani ukatwe ngazi ili tabaka mpya zishikamane nalo. Fanya kiangazi. Mkandarasi anayeahidi kumaliza tuta mwezi wa Aprili ama hajui Nairobi au anajua malipo ya nyongeza. Njia ikishalazwa, treni za kwanza ziende kilomita 20 kwa saa hadi kokoto zikae, zishindiliwe tena, ndipo mwendo upandishwe.

Wapo wanaosema njia ya pili ilazwe kwa upana wa milimita 1,435 wa SGR, ile reli mpya ya Mombasa, ama mataruma yawe na nafasi ya reli ya tatu. Tofauti ni milimita 435, kwa hiyo inawezekana. Lakini reli ya tatu huhamisha katikati ya treni, na jukwaa lililo karibu na behewa la upana mmoja litakuwa mbali na la upana mwingine. Kila pointi nayo inakuwa fumbo la vyuma. Kwa treni za mitaani, baki na mita moja.

Pale Mutindwa na Kibera watu wameishi na kuuza karibu na reli kwa miaka mingi, na wanaijua treni kwa sauti. Njia moja imewafundisha kwamba treni ikishapita, unavuka. Njia mbili zinaligeuza somo hilo kuwa hatari: mtu anasubiri mkia wa treni ya kwenda upite, anaingia, na ya kurudi imefichwa nyuma ya ile ya kwenda, kelele zao zimechanganyika. Daraja la miguu lijengwe pale watu wanapovukia sasa, si pale mchoro unapopendeza, ama watalizunguka. Kengele ya kivuko iendelee kulia kama treni ya pili iko njiani, na taa yake iwe tofauti na ya treni ya kwanza. Mitaro nayo iwe na mifuniko ya zege mizito tangu siku ya ufunguzi, kwa sababu mtaro ulio wazi kando ya soko hujaa taka, maji hurudi kwenye kokoto, na matope yanayosukumwa juu kila taruma linapokanyagwa yatairudisha ile kilomita 60 hadi 20.