Lugha Yako Ilikatazwa na Nani?

Wiki hii nimetia saini mkataba wa kazi ya kudumu, na Mariamu amejifungua salama huko Tanga, lakini kinachoninyima usingizi ni swali nililoulizwa Jumatatu katika chumba cha walimu hapa Stockholm. Nilikuwa nikimlalamikia Keko kwamba mimi ninayelipwa kufundisha Kiswahili watoto wa wenzangu, mwanangu Idi hunijibu kwa Kiswidi. Keko, mwenzangu anayefundisha Kikurdi (kwao neno hilo ni kaka), alikoroga chai yake, kisha akauliza: "Lugha yako ilikatazwa na nani?" Nikasema haikukatazwa na mtu. Akajibu, "Haya," akaenda darasani.

Ni hiyo "haya" inayonichoma. Usiku nimemjibu mara kumi: kwamba nami nilivishwa kibao shingoni sekondari kwa kosa la kusema Kiswahili. Kisha nakumbuka kwamba walionivisha ni walimu wangu, Waswahili watupu, na jibu linanigeukia.

Keko anatoka Siverek, mji wa kusini-mashariki mwa Uturuki alikozaliwa mwandishi Mehmed Uzun, yule aliyekimbilia Sweden mwaka 1977 na kutoa huku, mwaka 1985, riwaya yake ya kwanza kwa Kikurdi, lugha ambayo hakuna shule ya Uturuki iliyomfundisha. Gazeti la kwanza la Wakurdi nalo lilichapishwa ugenini, Cairo, mwaka 1898. Mwaka 1932 Celadet Alî Bedirxan, msomi wa Kikurdi, naye akiwa uhamishoni, alianzisha Damascus jarida la Hawar, na humo akaeneza alfabeti ya Kilatini ambayo Keko anaifundisha hadi leo. Sisi lugha yetu ilisanifishwa na kamati iliyoundwa na serikali za kikoloni mwaka 1930. Wao, mtu aliyefukuzwa kwao ndiye aliyekaa akapanga herufi. Uzun alirudi Uturuki, mjini Diyarbakır, akiwa mgonjwa, akafia huko Oktoba 2007, na Keko husimulia habari hiyo kama anayesimulia msiba wa nyumbani kwake.

Alhamisi, labda kwa kunihurumia, alinieleza jambo ambalo sikulijua: kwa miaka mingi herufi q, w na x, zisizokuwamo katika alfabeti ya Kituruki, zilikuwa zikikataliwa katika nyaraka rasmi za Uturuki, na mzazi aliyempa mwanawe jina lenye mojawapo alirudishwa mlangoni. Nilicheka, kisha nikaacha. Q na x hatuna haja nazo, lakini w? Mimi Mwanaidi ningeandikwaje?

Jioni nilimsimulia Idi. Akachukua kalamu, akaanza kutunyang'anya w mmoja mmoja: mimi nikawa Manaidi, bibi yake Mwanahawa akawa Manahaa, na "wewe" ikabaki "ee". Alicheka hadi akashika tumbo, kisha akasema, kwa Kiswahili, bila kuombwa, "Mama, sasa utaniitaje ukiwa na hasira?" Sijui kama Keko angelihesabu hilo kuwa jibu, na Jumatatu sitamwambia, maana najua atakoroga chai tu.

Ila huyo Manahaa wetu hapokei simu tangu juzi. Mariamu anasema ni chaji, lakini mama hajawahi kuacha simu ikazima siku mbili, na dawa zake za presha zilikuwa za kumfikisha Jumatano tu.