Baridi ya Julai inakuja: anzeni na dari

Wakazi wa Molo, Mau Narok na Njoro, huku Nakuru, Kenya, nyumba itengenezwe Mei, kabla ya baridi ya Juni hadi Agosti. Wengi hukimbilia mapazia mazito, ilhali joto hutorokea juu. Mabati yasiyo na dari hupoa haraka usiku. Mvuke wa pumzi na wa sufuria hugeuka maji chini yake, na alfajiri matone yanalowesha matandiko. Hata dari ya plaiwudi nyembamba inasaidia sana.

Madirisha ya chuma: ng'oa puti (lipu laini inayoshikilia vioo) yote iliyopasuka, maana mpya haishiki juu ya kuukuu. Piga msasa kutu, paka rangi ya kuzuia kutu, rangi hiyo ikikauka bonyeza puti mpya. Subiri wiki moja au mbili kabla ya kuipaka rangi, la sivyo rangi itapasuka.

Chini ya mlango pigilia ukanda wa mpira wa tyubu, upana wa sentimita 5 hivi.

Lakini matundu ya hewa juu ya madirisha msiyazibe, tafadhali! Jiko la makaa hutoa kaboni monoksidi, isiyo na rangi wala harufu, na aliyelala haamki. Litoeni nje kabla ya kulala, hata makaa yakionekana majivu matupu.