Miguu ya Swala

Mikindani, mwishoni mwa Oktoba

Mvua za kwanza hazijafika. Kwa anayesubu shaba, yaani anayeiyeyusha na kuimimina iwe sanamu, hizi ndizo siku za mwisho za kuaminika, kabla unyevu haujaingia kwenye kila kitu. Jioni ya leo mawazo yamekaa kwenye jambo moja: mnyama gani anakubali jiwe, na yupi hasimami bila shaba.

Kwa Wamakonde mkono umezoea kupunguza. Tezo inakula gogo la mpingo, patasi inafuata, tupa na msasa vinamalizia, na kilichoondoka hakirudi. Jiwe nalo ni hivyohivyo, ila halina nyuzi za kushika mguu mwembamba. Linabeba uzito vizuri likikandamizwa, lakini likipindwa kidogo tu linakatika. Chonga mguu wa swala wa unene wa kidole kwenye jiwe la chokaa, pigo moja la patasi linaumaliza. Kwa hiyo jiwe ni la kiboko, kobe, chui aliyejilaza: mnyama aliyekusanya miguu yake. Mafundi wa Kilwa ya kale waliijua tabia hiyo. Nakshi walizichonga kwenye tumbawe hai lililotoka baharini likiwa laini, nalo likawa gumu lilipokauka. Kuta walizijenga kwa tumbawe kongwe la nchi kavu. Leo tumbawe hai libaki baharini, ndiyo nyumba ya samaki.

Swala ni wa shaba: huundwa kwanza kwa nta, nta ikafunikwa kwa kalibu ya udongo, ikayeyushwa itoke, na shaba ikamiminwa palipokuwa na nta. Na kabla ya kushika nta, mguu wake utazamwe sana, kwa kuwa hapo ndipo sanamu nyingi zinapoharibika. Kile kinachoonekana kama goti lililopinda kinyumenyume kwenye mguu wa nyuma ni kifundo, sawa na kisigino cha mtu. Goti lenyewe liko juu, karibu na tumbo. Tembo si hivyo. Goti lake liko chini, linaonekana wazi, na mguu umenyooka kama nguzo. Anayempa swala mguu wa tembo anapata mbuzi aliyechoka.

Mchanganyiko ni sehemu tisa za shaba nyekundu kwa moja ya bati. Bati lenyewe, siyo mabati ya kuezekea, ambayo ni chuma kilichopakwa zinki. Koki kuukuu za maji zinazouzwa kwa kilo pamoja na chuma chakavu mara nyingi ni shaba ya njano, nayo ina zinki nyingi. Zinki huchemka kwenye nyuzi 907, chini ya joto la kumiminia, na moshi wake mweupe humlaza mtu na homa na kutetemeka usiku huohuo. Zisitiwe chunguni.

Kiwiliwili cha nta kiwe tupu, unene wa milimita 5 hivi, juu ya kiini cha udongo. Kikiachwa kizima, shaba hupoa nje kwanza, ya ndani ikanywea na kuacha mashimo. Misumari myembamba ipite kwenye nta hadi ndani ya kiini, vichwa vibaki nje vishikwe na kalibu. Ikisahaulika, nta ikishatoka kiini kinalalia upande mmoja, na upande huo shaba haipiti. Swala huyo atazaliwa na tundu ubavuni. Miguu haina kiini. Mifereji ya kumiminia iingilie kwatoni, kila mmoja mnene kuliko mguu unaoulisha, ili shaba ya mguu ikinywea ipate ya kujazia. Kila ncha ya pembe na sikio ipewe tundu la hewa, la sivyo hewa inabanwa na pembe inatoka fupi.

Kisha pima nta yote, mifereji ikiwemo, zidisha kwa kumi. Nta ya gramu 600 inataka kilo 6 za shaba, na nusu kilo ya akiba. Chungu kikiisha katikati, ukimiminia tena shaba mpya haishikani na iliyokwisha kupoa.

Sehemu inayotaka subira kuliko zote ni kukausha kalibu. Nta ikishatoka kwa moto mdogo, mdomo ukiwa chini, joto lipandishwe polepole hadi nyuzi 600 au zaidi na likae humo saa nyingi. Chungulia mdomoni: pakiwa peusi, masizi ya nta bado yamo na yatatoboa shaba kwa hewa. Maji ni mabaya zaidi. Shaba inamiminwa kwenye nyuzi 1,100 hivi, na maji yakigeuka mvuke yanatanuka zaidi ya mara 1,600. Kalibu mbichi hurudisha shaba usoni kwa mtu. Sakafu ya zege pia ina maji ndani yake, kwa hiyo tandaza mchanga mkavu kabla ya kunyanyua chungu, na asiwepo mwenye kandambili.

Sanamu ikishasafishwa kwa tupa, inabaki bahari. Chumvi ya upepo wa hapa ikikaa kwenye shaba huanza unga wa kijani mpauko unaochimba vishimo. Ioshwe kwa maji baridi yasiyo ya chumvi, ikaushwe juani hadi iwe moto mkononi, ndipo ipakwe nta ya nyuki na kusuguliwa kwa kitambaa, hasa nyuma ya masikio na katikati ya kwato.