Siku moja maishani mwangu: kuonjesha mvinyo siku ya mvua

Saa kumi na moja alfajiri. Mabati ya Kangemi yanalia kwa mvua, nami naoga kwa sabuni isiyonukia. Mafuta yenye manukato sijipaki, na mswaki napiga mapema, maana mnanaa ukibaki ulimini mvinyo mkavu, yaani usio na utamu wa sukari, utauona mchachu kuliko ulivyo. Kazi yangu ni kuonjesha wageni mvinyo kwenye shamba la mizabibu Naivasha. Majirani huamini nashinda nikinywa. Naonja na kutema. Hadi jioni sijameza kitu.

Saa kumi na mbili na nusu wageni 12 wanapandia Westlands. Ni kilomita 90 hivi. Siku kavu tungeteremkia Mai Mahiu na kupita lile kanisa dogo lililojengwa na wafungwa wa vita wa Kiitaliano mwaka 1942. Leo dereva anashika barabara ya juu, Limuru hadi Kinungi. Kuna ukungu na malori yanatambaa, lakini kule chini udongo huporomoka, na baada ya maafa ya mafuriko ya Mai Mahiu ya Aprili 2024 simbishii mtu anayeliogopa bonde likiwa limelowa.

Saa tatu kasoro tumefika. Mwenzangu anawapa gambuti na kuwatembeza shambani, nami nina dakika 40 za kazi asiyoiona mtu. Miavuli na makoti yote yabaki barazani, na sababu si matope. Mvinyo ulioharibiwa na kizibo hunuka katoni iliyolowa, na sweta iliyonyeshewa hunuka karibu hivyo hivyo. Chumba kikijaa harufu hiyo, chupa mbovu itanipita, au nitamwaga nzuri bure. Kwa hiyo kila chupa naifungulia stoo, nainusa, naonja tone, ndipo iingie.

Halafu glasi. Wageni 12, mvinyo aina sita: glasi 72. Mvua ikishika siku tatu vitambaa havikauki, na kitambaa kibichi huacha uvundo ndani ya glasi hata kama inang'aa. Dawa yake ni maji moto na vitambaa vya pamba vilivyopigwa pasi hadi vikauke kabisa. Glasi isifudikizwe juu ya rafu ya mbao, itafungia harufu ya mbao ndani. Nazinusa moja moja, zote 72.

Mvinyo mweupe unatakiwa nyuzi 8 hadi 10, mwekundu 16 hadi 18. Naivasha iko mita 1,900 hivi juu ya bahari, na leo chumba kina nyuzi 14. Shiraz, mvinyo mwekundu, ikiwa baridi hivyo hujifunga: harufu ya pilipili manga inajificha, ukakasi unauma ufizi, mgeni anaamua kuwa mvinyo ni mbaya. Nazisimamisha chupa dakika kumi kwenye beseni la maji ya uvuguvugu. Jiko la makaa silikubali ndani hata tukitetemeka, kwa kuwa moshi hufunika kila kitu. Na stima ikipotea, nyeupe zinaingia kwenye ndoo ya barafu, maji na chumvi. Robo saa zimepoa.

Saa nne tunaanza, na hapo ndipo siku inapoharibika. Mgeni mmoja anaitazama glasi yake. "Dada, mbona unanipimia kama dawa ya kikohozi? Jaza, nimelipa." Namweleza: mililita 50 kila mmoja, watu 12 ni 600, chupa ina 750, na 150 zinazobaki ni za kukagulia na za anayetaka kurudia. Aina sita ni mililita 300, si mbali na nusu chupa, na chakula cha mchana bado. Tena glasi iliyojaa huwezi kuizungusha, na harufu haina pa kukusanyikia. "Sawa, madam," anasema. Nikigeuka, ameshaifikia chupa ya mvinyo mtamu, ile ya kuonjwa mwisho, na kuwamiminia meza nzima. Mtamu ukitangulia, mkavu wowote utakaofuata ni ndimu tupu. Sauvignon Blanc, mweupe mkavu, inafika, nyuso zinakunjana. Nasimamisha kila kitu. Maji, mkate usio na siagi, dakika kumi za kungoja, glasi nyingine 12 za kuosha na kunusa, tunaanza upya. Sasa anataka barafu kwenye nyekundu. Sasa anauliza kwa nini nachelewesha watu. "Boss, nipe dakika," nasema, na nasema tena, huku nyayo zikiniwaka.

Wanauliza kama mvua hii ni neema kwa zabibu. Huku karibu na ikweta mzabibu haupati majira ya baridi ya kuulaza. Kupogoa ndiko kunakoanzisha msimu. Mvua ikinyesha mavuno yakikaribia, tunda linavimba maji, sukari inapungua, ganda linapasuka, kuvu inaingia. Ndiyo maana tunapunguza majani yaliyozunguka vichala, upepo upite. Hili nalieleza vizuri hata nikiwa hoi, kwa sababu walichoshika mkononi kimetoka humo.

Chakula, malipo, kupakia. Dereva hakuonja hata tone: kiwango cha pombe anachotaka barabarani ni sufuri. Ukungu tena Kinungi, foleni tena Uthiru. Nafika nyumbani usiku bila kuangalia saa. Vitambaa 20 vimejaa ndoo, navifua, navikamua, nachomeka pasi. Vinane vimekauka. Vilivyobaki bado vina ubichi kwenye pindo, navirudia.