Kabla hujachukua boa, mtazame mama yake

Juzi rafiki yangu kanitumia picha ya mtoto wa boa, yule nyoka mkubwa wa Amerika ambaye watu wanamfuga nyumbani, kajiviringa kwenye kiganja na bado nafasi imebaki, chini kaandika swali moja tu, "huyu anauma?" Mi nikamrudishia swali, mama yake ana urefu gani? Akasema hakuuliza. Basi nimekaa niandike, maana hili swali la mama ndo watu wengi wanaliruka, wanauliza rangi, wanauliza meno, wanauliza anakula nini, na yule nyoka mkubwa atakayekuwa, watakayeishi naye miaka 20 na zaidi, hawajamwona hata kwa picha.

Kinachodanganya ni udogo wa mwanzo. Mtoto wa boa anazaliwa na sentimita 40 mpaka 50 hivi, mwembamba kama kidole. Na nasema anazaliwa kwa sababu boa hawatagi, wanazaa watoto hai, hapo ndo wanaachana na chatu ambao hutaga mayai na kuyazungukia mpaka yaanguliwe. Mzao mmoja unaweza kuwa na watoto 10, unaweza kuwa na 60, wote wanatoka wamekamilika na siku hiyohiyo kila mtu na maisha yake. Sasa chukua mtoto atakayeishia mita 2 na mwingine atakayefika mita 3, walaze pamoja kwenye taulo, mtu mgeni hawezi kukwambia yupi ni yupi. Mama ndo atakwambia, na baba kama yupo.

Majina nayo yanachanganya. Boa constrictor ni jina la kisayansi kabisa, Carl Linnaeus ndo aliliweka mwaka 1758, na kwa muda mrefu likawa kapu la kila boa mkubwa kuanzia Meksiko mpaka Argentina. Siku hizi wale wa Amerika ya Kati na kaskazini magharibi mwa Amerika Kusini wanahesabiwa spishi yao peke yao, Boa imperator, na hao ndo wamejaa kwenye ufugaji. Jike wa imperator mara nyingi anaishia mita 1.8 mpaka 2.4, dume anabaki chini ya hapo, mita 1.5 mpaka 1.8 kwa wengi wao. Wale wenye mkia mwekundu wa kweli, wa Suriname, Guyana, Brazili na Peru, ni watu wa saizi nyingine, jike anavuka mita 2 bila shida na anaweza kugusa 3, na uzito wa kilo 10 au 15 kwake si ajabu. Ila wauzaji wengi wanamwita kila boa mkia mwekundu, kwa hiyo jina kwenye kibandiko lisikutulize, uliza wazazi wametokea wapi. Kuna na wale wa visiwani, kama wa Cayos Cochinos kule Honduras, wengi wao hawavuki mita 1 na nusu, na kwa mtu mwenye nafasi ndogo hawa ningewatafuta kabla ya wote.

Utasikia pia habari za boa wa mita 5 na nusu. Ile rekodi ya Trinidad iliyozunguka kwenye vitabu miaka mingi ilikuja kuonekana kwamba yule nyoka alikuwa ni anakonda, yule nyoka mkubwa wa majini, si boa wa aina hii. Kwa hiyo usiogope hadithi, mita 4 yenyewe ni adimu sana. Lakini usijidanganye na mita peke yake. Kilo ndo utakazobeba.

Wangu anaitwa Shaba, jike wa imperator, nilimpata akiwa na sentimita 48 na saivi ana miaka 7, mita 2 na sentimita 10, kilo 7 na kidogo. Kilo 7 za mchele unaziweka begani unatembea, kilo 7 za boa zina maamuzi yake. Anajishika. Akiamua kuuzungushia mkia mguu wa meza wakati we unataka kumrudisha kwenye boksi lake, hapo utakaa, unaanza kumfungua kuanzia kwenye ncha ya mkia taratibu mzunguko mmoja mmoja, ukivuta kutokea kichwani unamuumiza na wala haachii. Ndo maana wafugaji wazoefu wanasema nyoka akishavuka mita 2 na nusu hivi muwe wawili mkimtoa, na mi naona wako sahihi hata kwa nyoka mpole.

Kama una wasiwasi wa nafasi, chukua dume. Huu ndo ushauri ninaoutoa kuliko wote na ndo watu wanausikiliza kidogo kuliko wote. Dume ni mwembamba zaidi, mwepesi zaidi, na boksi lake si lazima liwe kubwa kama la jike. Ukiangalia pembeni ya tundu la haja utaona vijikucha viwili vidogo, ni mabaki ya miguu ya nyuma ya mababu zao, kwa dume mara nyingi ni virefu na vimepinda zaidi, ila kwa mtoto usitegemee hivyo, aliyezoea ndo apime jinsia kwa kijiti chake cha kazi, usijaribu mwenyewe ukamjeruhi.

Jike mkubwa wa imperator anataka boksi la urefu usiopungua sentimita 180 na upana wa 60, kwangu ni 90 na sijutii hata sentimita moja. Upande wa joto nyuzi 31 mpaka 33, upande wa baridi 25 au 26, unyevu asilimia 60 au zaidi, na thamostati, kile kifaa cha kuzuia joto lisizidi, ni lazima maana nyoka anaweza kulala juu ya kitu kinachomuunguza tumbo asihame. Na kufuli. Boa anasukuma mlango usiku kucha, hachoki.

Ukubwa pia unatokana na mkono unaolisha, na hapa niseme kosa langu. Mwaka wa 2 na wa 3 nilikuwa namlisha Shaba kila wiki kwa sababu kila wiki alikula, nikaamini anayekula ana njaa. Boa atakula tu. Porini hajui kesho kuna nini. Daktari wa wanyama alimshika katikati ya mwili, akanishikisha na mimi, akaniambia hapa hugusi misuli hapa unagusa mafuta, na mafuta hayo yanaenda kwenye ini na yanapunguza miaka. Mwili wa boa mwenye afya unatakiwa uwe na ubavu ulionyooka kidogo, si duara kama soseji. Saivi anakula panya mmoja wa kwenye friza, aliyeyeyushwa vizuri, kila baada ya wiki 3 au 4, saizi isiyozidi unene wa katikati ya mwili wake. Mtoto anaweza kula kila siku 10 mpaka 14. Anayekwambia mlishe sana akue haraka hamtakii mema huyo mnyama.

Sasa lile swali la rafiki yangu, anauma? Nyoka yeyote mwenye mdomo anaweza kuuma, swali ni anauma kwa nini. Kwa boa mi nimejifunza sababu ni mbili, woga na njaa, na zote mbili zina sura yake ukitazama. Mtoto anauma kwa woga, kila kinachomjia kutoka juu kwake ni ndege mla nyoka, anajikunja shingo kama herufi S, anapiga na kuachia hapohapo, inauma kidogo kama kuchomwa na mwiba. Wengi wanatulia wakizoea kushikwa kidogokidogo, dakika 10 si lisaa, na wakikua wanakuwa wazito na wapole kiasi kwamba unaweza kusahau ni mwindaji. Ukoo nao una mchango, wale wa visiwani vya Honduras wanasifiwa utulivu, baadhi ya wale wa Meksiko na Amerika ya Kati wana hasira za karibu, na hapo tena tunarudi kwa mama. Omba umshike. Mwenye mama mtulivu atakupa bila kusita.

Boa mtulivu ulimi unatoka polepole, unapanda unashuka, mwili unatiririka mkononi. Boa mwenye woga anavuta pumzi nyingi na kuitoa kwa mlio mzito, ukiusikia mara ya kwanza utadhani tairi linatoa upepo. Boa mwenye njaa hana sauti. Anatulia, kichwa kimekufuata, ulimi unatoka haraka haraka kisha unasimama.

Huyo wa tatu ndo alinipata. Nilikuwa nimemwandalia Shaba panya, nikanawa kwa maji tu bila sabuni, nikafungua boksi kubadilisha bakuli la maji. Sikuona kichwa kikija. Niliona tu mkono wangu una nyoka, meno yameshika chini ya kidole gumba na mizunguko 2 ya mwili imeshafika kwenye kifundo. Haikuuma kama nilivyotegemea, kilichonitisha ni ile nguvu, kila nikitikisika inaongezeka. Boa hana sumu, meno yake yamepinda kuelekea nyuma, ukivuta mkono unajichana mwenyewe na unaweza kumvunjia meno. Nikakaa chini kwenye bafu, nikafungulia maji ya baridi yampitie kichwani, nikasubiri. Baada ya kama dakika 3 akaachia. Yalibaki matone madogomadogo ya damu yamejipanga kwenye mistari iliyopinda, safi kama yameshonwa kwa sindano.

Baadaye ndo nikaelewa kwa nini hakuachia mapema. Mwaka 2012 watafiti walitoa matokeo ya majaribio kwa boa wakitumia panya waliokufa waliowekewa moyo wa bandia, wakaona boa anayasikia mapigo, moyo ukiendelea kudunda anaendelea kubana, ukisimama analegeza. Na mwaka 2015 Scott Boback na wenzake wakaonyesha kwamba boa haui kwa kuziba pumzi kama tulivyozoea kuambiwa, anakata mzunguko wa damu, presha inaanguka ndani ya sekunde chache. Mkono wangu ulikuwa na mapigo, na yalikuwa yanaenda mbio.

Toka siku hiyo simgusi kwa mkono kabla sijamgusa kwa kulabu, ni fimbo nyepesi tu yenye ncha iliyopinda, nampapasa shingoni mara 2 au 3. Kulabu maana yake leo hakuna chakula. Amejifunza, unaona kabisa shingo inalegea. Chakula kinaletwa na koleo ndefu, sabuni kabla na sabuni baada, baada pia kwa sababu ya salmonela, bakteria wa kuharisha, hasa kama nyumbani kuna watoto wadogo. Akishakula nampa siku 3 bila kumgusa la sivyo anaweza kutapika, na akianza kuwa na macho ya bluu yenye ukungu ujue anakaribia kujivua gamba, haoni vizuri, mwache.

Siku ya kuchagua mguse kweli. Awe mzito kuliko anavyoonekana, macho maang'avu, mdomo usiwe na mate ya povu, pumzi isikorome. Pitisha karatasi nyeupe chini ya kidevu na kwenye mikunjo uone kama kuna vidoa vyeusi vinavyotembea, huo ni utitiri. Omba umwone akila, au orodha ya tarehe alizokula. Mgeuze kidogo uone kama anajirudisha sawa, boa anayeinua kichwa na kutazama juu juu bila sababu anaweza kuwa na ugonjwa mbaya wa virusi unaoshambulia mishipa ya fahamu, virusi vyenyewe vilitambuliwa 2012, na tabu yake boa anaweza kuvibeba miaka bila dalili yoyote. Kama una nyoka wengine mpime kabla hujawakutanisha, na mtenge kwanza miezi 3.

Chukua aliyezaliwa kwenye ufugaji, si aliyekamatwa porini. Boa wote wako kwenye orodha za CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea ya porini, wengi Kiambatisho II, yule wa Argentina yuko Kiambatisho I chenye masharti makali zaidi, kwa hiyo karatasi zake ziwepo na sheria ya unapoishi uijue kabla. Na ukishindwa naye usimwachie porini hata siku moja. Kisiwa cha Cozumel kule Meksiko waliachiwa boa wachache 1971, kisiwa cha Aruba kwenye Karibi wakaonekana 1999, na mpaka leo visiwa hivyo viwili vina boa wanaokula ndege na wanyama wa pale ambao hawakuwahi kuwajua.

Popeye, boa wa bustani ya wanyama ya Philadelphia, aliishi miaka 40. Wa nyumbani wengi wanafika 20 mpaka 30. Mi nimeshaandika nani atamchukua Shaba, na huyo mtu kila mwezi anakuja kumbeba ili wazoeane.

Jana usiku rafiki yangu kajibu. Mama ana mita 2.7, ukoo wa Suriname, jike mtulivu kabisa, amembeba yeye mwenyewe mikono ikachoka. Kisha katuma picha ya ukuta wa chumba chake na futi kamba imenyooshwa chini, imefika mita 1 na sentimita 60 ikagota kabati. Ameuliza kama najua mtu mwenye dume wa imperator.